Tiketi ya spidi na CDL: kulipa, darasa, kujitetea au wakili?

MwanaUvira
Wakuu, habari za barabarani. Nimepigwa tiketi California kwenye barabara kuu ya I-10, nikitokea Arizona na lori la trela. Imeandikwa maili 71 penye 55. Leseni yangu ya magari ya biashara (CDL) ni ya Ohio na rekodi ni safi. Naona njia nne: nilipe yaishe, niombe darasa la udereva, nirudi nijitetee mwenyewe, au niweke wakili. Nina watoto wanaokula kwa usukani huu, kwa hiyo naomba mnilinganishie vizuri.

Mzee_Trela
Pole sana kaka. Kwanza piga hesabu: 71 toa 55 ni 16. Kwa sheria ya shirikisho, kuzidisha maili 15 au zaidi ukiwa na gari la biashara ni kosa zito. Moja peke yake halikuondoi barabarani. Ukipatikana na hatia ya la pili ndani ya miaka 3, unakaa nyumbani siku 60; la tatu, siku 120. Na kundi hilo si spidi tu. Kushika simu mkononi, kumkaribia mno aliye mbele, kubadili leni ovyo, yote yanahesabiwa pamoja.

Kulipa ni kukiri. Hatia inasafiri hadi Ohio, inakaa kwenye rekodi, na kampuni ya bima inaiona. Kwa hiyo usilinganishe njia hizi kwa dola utakazotoa leo. Linganisha kwa kitakachobaki kwenye leseni.

Dada_Usukani
Darasa lifute kabisa. Sheria ya shirikisho inakataza majimbo kuficha au kuahirisha hatia ya mwenye CDL, hata kama alikuwa na gari lake dogo la nyumbani. Yanayoachwa nje ni mambo kama maegesho, uzito na ubovu wa gari. Shemeji anayeendesha Uber Texas atakwambia alisoma darasa tiketi ikafutwa. Kwake ni kweli, kwako haiwezekani. Na California hawakupeleki darasani kwa kosa ulilofanya ukiwa na lori.

Kaka_Dallas
Mimi natetea kwenda mwenyewe. Niliwahi kupigwa tiketi ya maili 9 zaidi, kaunti ya jirani na nyumbani. Nikavaa vizuri, nikaongea na mwendesha mashtaka kwa heshima, nikamwonyesha rekodi yangu, akanisikiliza tukaelewana. Wakili angenila pesa bure.

Mzee_Trela
Kwa maili 9 jirani na kwako, nakubaliana nawe kabisa. Hii ya ndugu yetu ni nyingine. California lori lenye trela mwisho wake ni 55, hata kama gari dogo pembeni linaruhusiwa 70. Ndiyo maana wanaotoka Arizona, walikozoea mwendo mkubwa zaidi, hunaswa hapo. Tena dereva wa gari la biashara akizidisha 15 huko, si faini ya kawaida tena, ni kosa la jinai, ingawa la daraja la chini. Ile njia ya kujitetea kwa maandishi bila kufika haipo kwa kosa la namna hiyo.

Lakini kwa kosa la daraja hilo, wakili anaweza kusimama kotini badala yako na wewe ukaendelea na mzigo. Ukijumlisha siku za kusafiri kutoka Ohio na mizigo utakayokosa, kujitetea mwenyewe ndiko ghali.

MwanaUvira
Asante mzee. Wakili atafanya nini hasa? Na bosi nimwambie sasa hivi?

Dada_Usukani
Atatazama jinsi spidi ilivyopimwa, kisha ataongea na upande wa mashtaka. Ushindi mkubwa kwako ni ishuke chini ya 15, hata ukilipa faini ileile. Hapo si kosa zito tena. Makubaliano hayo hufanywa kabla ya hatia na lazima yawe na msingi kwenye ushahidi, kwa hiyo anayekuahidi "itafutika" kabla hajasoma tiketi, mkimbie.

Bosi: sheria inataka umjulishe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upatikane na hatia. Mkataba wako unaweza kudai mapema zaidi, usome leo. Na mwombe wakili ashughulikie data za GPS na video ya dashikamu mapema, maana hufutika. Mpe yeye kwanza. Usipeleke kotini data ambayo hamjaiona kwanza.

Kaka_Dallas
Kwa tiketi hii naungana nao, weka wakili. Ila mchague anayefanya kesi za CDL kwenye kaunti hiyohiyo. Muulize bei ni ya mpaka mwisho au ni ya kikao kimoja.

Dada_Usukani
Jambo jingine: ukaguzi wa barabarani. Kama askari alikupa na ripoti ya ukaguzi, hiyo inaingia kwenye ripoti ya PSP, yaani rekodi ya shirikisho ya dereva ambayo waajiri huisoma, na inakaa miaka 3. Kesi ikifutwa au ikishuka, haijirekebishi yenyewe. Unapeleka hukumu ya koti kwenye DataQs, mfumo wa shirikisho wa kuomba rekodi irekebishwe, ndipo wanabadilisha.

MwanaUvira
Ripoti ninayo. Nampigia wakili kesho asubuhi kabla sijapakia.

Mzee_Trela
Sawa. Tarehe ya kufika iko chini ya tiketi, karibu na sahihi yako. Mpaka wakili athibitishe kwa maandishi kwamba amejiandikisha kotini, hiyo tarehe ni yako wewe. Kutofika ni kosa jingine. Na wakikuita mwenyewe, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kesi za namna hiyo koti humlipa.