Ubikira: Mwana Kupona alimwambia nini bintiye?

Mdadisi: Habari wakuu. Watu huutaja Utenzi wa Mwana Kupona, yule mshairi wa kike wa pwani, kama hoja ya kupima mabikira. Kweli umo humo? Na kisarawanda kilithibitisha nini hasa?

Mshairi: Hapana, ndugu. Utenzi huo wa 1858 ni wosia kwa bintiye, Mwana Hashima, na kiini chake ni radhi tano: za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anachosisitiza ni staha: ukiwa njiani usizungumze, usifunue shiraa, macho yatazame chini, uso uwe na haya. Shiraa ni turubai la kumsitiri mwanamke akitembea. Sitara ya namna hiyo ilikuwa pia alama ya uungwana, maana mjakazi hakuwa nayo. Watu husahau upande huo wa kitabaka, nao ni mzito.

Bi Mkunga: Kisarawanda ni kitambaa cheupe cha usiku wa ndoa, kungwi alikikagua na kupeleka habari kwa wazazi. Kama ushahidi hakifai kabisa. Kizinda ni utando wa mlangoni mwa uke, wenye tundu tangu kuzaliwa, tena hunyumbuka, kwa hiyo wengi hawatoki damu. Damu yenyewe huweza kutokana na mchubuko wa ukavu au pupa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji ukomeshwe: hakuna kipimo kinachothibitisha ubikira. Msichana asiadhibiwe kwa kitambaa!

Mshairi: Na tusichanganye: kuvunja ungo ni kupata hedhi ya kwanza, si kupoteza ubikira.