Tupeane uzoefu: vyuo vya wasichana Marekani kwa anayetaka Kiingereza na sanaa

Mama Area D
Habarini wakuu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita HKL (History, Kiswahili na English), na kuchora ndio ugonjwa wake. Daftari la History limejaa nyuso za watu pembeni. Anataka kuomba Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr. Baba yake anauliza, "Miaka yote hiyo Msalato, bado hajashiba shule za wasichana?" Mliosoma huko au mliosomesha, leteni uzoefu.

Mgogo wa Northampton
Shikamoo mama. Mimi nimesoma Smith. Masomo ya lazima karibu hakuna: mwaka wa kwanza unachukua somo moja la uandishi, mengine unapanga na mshauri wako. Kilichoniteka ni makumbusho yao ya sanaa. Unaomba miadi, unaletewa michoro ya karatasi mezani, halisi kabisa, unaona hadi wino ulivyoingia kwenye karatasi. Insha zangu za ushairi zilinyooka nikiwa pale, sijui kwa nini.

Baba asihofu, kuna mabasi ya kwenda vyuo jirani vya mchanganyiko, Amherst na UMass (Chuo Kikuu cha Massachusetts), unasoma somo huko bila kuongezewa ada, na huko wavulana wamejaa. Mount Holyoke wako kwenye mpango huohuo, kwa hiyo msiumize sana kichwa kati ya hivyo viwili.

Kaka wa Kondoa
Muulizeni kwanza: anataka kuchora, au kusoma habari za waliochora? Dada yangu alikuwa Bryn Mawr. Historia ya sanaa pale ni moto, ila ukitaka uchoraji uwe somo lako kuu unausomea Haverford, chuo jirani cha mchanganyiko. Yeye alizoea kwenda na kurudi. Mwingine angenuna.

Zabibu za Hombolo
Mnaongelea michoro, pesa je? Sisi fomu ya CSS Profile, ile ya kuombea msaada wa ada, ilitukesha. Wanataka kipato cha mwaka, na mzee ni mkulima wa zabibu: msimu huu bei nzuri, ujao zinaozea shambani. Hati ya mshahara ataitoa wapi? Tukaandika barua ya maelezo, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, nikaitafsiri mwenyewe.

Vyuo hivyo vikikuchukua vinaziba pengo lote ambalo familia haiwezi. Lakini kwa mwombaji wa nje wanaangalia pia unahitaji kiasi gani kabla ya kukuchukua, hapo ndipo wengi wanapoachwa. Ombeni kadhaa. Ule uombaji wa mapema unaokufunga kwenye chuo kimoja mimi niliukwepa, nilitaka kulinganisha ofa.

Mwalimu wa Kizota
Na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aombe vilevile. Dirisha la maombi la hapa halisubiri viza ya mtu.

Mama Area D
Asanteni sana. Nimemuuliza, anataka kuchora kwa mkono wake. Baba yake sasa kahamia kwenye baridi ya Januari. Zabibu, ile barua mliipeleka pia kwa mwanasheria?

Zabibu za Hombolo
Hapana mama, iliishia kwa mtendaji. Hawakuuliza zaidi.