Laki nne za miaka 20 ya ndoa: Kiitaliano cha Masaki, piza ya kawaida, au samaki kuhe wa hapa hapa Kigoma?

Baba Wawili, Mwanga (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa 12 mimi na mama watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na binti yetu anahitimu chuo Dar wiki hiyo hiyo. Tutakuwa mjini siku 4. Nimetenga laki nne kwa mlo mmoja wa sisi wawili tu. Pesa hiyo haina kazi nyingine, kwa hiyo naomba msiniambie ninunue mabati au kiwanja.

Njia ninazoziona ni 3. Kwanza, hoteli ya Kiitaliano ya bei kali kule Masaki, Dar, zile za kitambaa cheupe mezani. Pili, mgahawa wa kawaida wa piza wenye tanuri la kuni, halafu chenji tumnunulie binti zawadi. Tatu, tusubiri turudi nyumbani, twende hoteli moja ya kando ya ziwa hapa Kigoma, tuchomewe kuhe mzima huku jua linazama upande wa Kongo.

Mke wangu nilimuuliza anataka nini. Alikuwa anageuza migebuka kwenye kikaango, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Nataka kula kitu ambacho mimi siwezi kukipika." Basi. Nisaidieni kwa kigezo hicho.

Mtoto wa Katonga

Mkuu, kwa kigezo hicho njia ya 3 imeshajifuta. Mwanamke wa Kigoma aliyepika miaka 20 hakuna hoteli itakayomfundisha kuhe. Atakaa pale anahesabu makosa: chumvi imezidi, samaki kakaushwa. Kuhe mle nyumbani.

Binti Ujiji

Kaka hongera sana, na mpe wifi salamu zangu.

Nilipelekwa hoteli ya aina hiyo mwaka jana, kwa hiyo nasema nilichokiona. Tambi zilikuwa kati ya elfu 40 na elfu 55 kwa sahani. Kitoweo cha nyama elfu 80 na kitu. Mvinyo sikuugusa, ila chupa ya chini kabisa kwenye orodha ilivuka laki. Walituletea mkate na mafuta ya zeituni bila sisi kuomba, tukala tukijua ni ukarimu, kumbe upo kwenye bili. Maji nayo yale ya chupa ya kioo, bei yake ya juu. Hakuna aliyetudanganya, bei zilikuwa zimeandikwa, sisi ndio hatukuuliza. Laki nne inatosha watu wawili bila mvinyo, na inabaki.

Kama nyinyi ni Waislamu kama sisi, uliza kabla ya kuagiza. Karbonara, zile tambi za mayai na jibini, ina nyama ya shavu la nguruwe. Mchuzi mwingi wanamiminia mvinyo wakati wa kupika, na tiramisu, kitamu chao cha mwisho, mara nyingi ina pombe ndani. Mhudumu mzuri haoni shida kuulizwa, anakwenda jikoni anarudi na jibu. Yule wetu alirudi mara mbili, na mpishi akatutengenezea tambi za pweza bila mvinyo. Mpaka leo naikumbuka ile sahani.

Mzee wa Reli

Mimi nasema njia ya 2. Piza ni unga, nyanya na jibini. Kinachoifanya iwe piza ni moto, na moto haujui kama kitambaa cha meza ni cheupe. Wanaopika kwa mtindo wa Napoli, mji wa Italia, wanapandisha tanuri hadi nyuzi 430 na zaidi, piza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Ufundi wa wale wapishi wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2017. Jiko la mkaa la mama watoto haliwezi kufika huko, kwa hiyo kigezo chake kinatimia, na anayelipa elfu 30 anakula kile kile anachokula wa elfu 60.

Jikoni Kibirizi

Mzee wa Reli shikamoo. Kwa piza uko sahihi kabisa, usiende hoteli ya gharama kula piza. Lakini ruhusu niseme, maana nimefanya kazi jiko la Kiitaliano Dar miaka 6 kabla sijarudi nyumbani.

Kwenye menyu yao kuna vitu ambavyo unalipia jina na vitu ambavyo unalipia mikono. Samaki wa kuchoma, unalipia jina. Saladi, jina. Nyama ya steki, nusu kwa nusu. Mikono ipo kwenye tambi zinazokandwa pale pale kwa mayai, na zaidi ya yote kwenye risoto.

Risoto ni wali, na najua mtu atasema mtoto wa Kigoma asafiri hadi Dar akale wali? Sikilizeni. Sisi mchele tunauosha mpaka maji yatoke safi, tunafunika, tunataka uchambuke punje kwa punje. Wao mchele wao, Arborio au Carnaroli, hawauoshi kabisa, kwa sababu ule wanga ndio wanaoutafuta. Wanaukaanga mkavu kwenye siagi na kitunguu, wanatia mvinyo mweupe, halafu supu ya moto upawa mmoja mmoja. Unakoroga, ikikauka unaongeza, unakoroga. Dakika 17 au 18 huondoki hapo. Mwisho unatoa motoni unapiga siagi baridi na jibini la Parmigiano Reggiano, lile linalokaa ghalani si chini ya miezi 12. Ukiinamisha sahani, wali unatakiwa utembee kama wimbi. Ukisimama kama ugali, umeharibu. Ukichuruzika kama uji, umeharibu pia. Punje yenyewe ukiitafuna iwe laini nje na ikushikie kidogo katikati.

Nimemwaga sufuria nyingi kabla sijaelewa hilo.

Ile ya Milano inatiwa zafarani, ndiyo inayoipa rangi ya dhahabu. Ua moja la zafarani linatoa nyuzi 3 tu na zinachumwa kwa mkono, bei yake inaeleweka. Muulize mhudumu inachukua muda gani. Akisema dakika 20 hadi 25, kaa. Ikija baada ya dakika 5, ilipikwa mchana ikapashwa.

Mtoto wa Katonga

Jikoni, umenifanya nifikirie upya. Na samaki je? Wasiguse kabisa?

Jikoni Kibirizi

Wa maji baridi wasiguse, wataonewa. Ila vya chumvi ndiyo: pweza, kamba, chaza. Vile vinatoka bahari ya pale pale, na huku kwetu havifiki vikiwa hai. Waagize kianzio kimoja cha pweza wagawane, risoto moja, tambi moja ya kamba, wabadilishane sahani katikati. Kitamu kimoja, vijiko viwili. Binti Ujiji kasema kweli kuhusu mvinyo, na risoto unaweza kuomba isitiwe. Mpishi ataongeza limau kidogo mwishoni kuleta ule ukali.

Mama Shughuli, Tabora

Mimi sina la kupika, nina la kukaa. Baba Wawili, usimpe mkeo menyu na kumwachia. Ile menyu ina majina ya Kiitaliano matupu na mtu anaweza kuona haya mbele ya mhudumu, siku yake ikaharibika. Soma haya mliyoandikiwa hapa, mweleze nyumbani, aingie pale akijua anachokitaka. Na piga simu siku mbili kabla kuweka oda ya meza.

Baba Wawili, Mwanga

Nawashukuru wote, sikutegemea. Nimechagua Masaki, kwa mpangilio wa Jikoni. Piza tutakula na binti kesho yake, na Mzee wa Reli nimekusikia.

Jana usiku nilimsomea mama watoto ile ya risoto. Alininyamazisha kwenye "hawauoshi", akanirudisha nisome tena. Kisha akauliza mwiko wao ni wa mbao au wa chuma, na kama anayekoroga anaonekana kutoka mezani. Nikamwambia sijui. Akasema kama haonekani basi tutafute hoteli nyingine, yeye anataka kumwona.

Jikoni, hilo linawezekana?

Jikoni Kibirizi

Mwiko wa mbao, una tundu katikati. Hoteli nyingi siku hizi jiko liko wazi, ukipiga simu omba meza ya mbele ya jiko. Fikeni saa 12 na nusu jioni kabla watu hawajajaa. Mwambie mhudumu mama ni mpishi. Watamwita asogee.