Twiga aliyeitwa qilin katika mchoro wa Kichina

Swali
Wadau, naomba msaada. Kuna mchoro wa Kichina wa mwaka 1414 unaoonyesha twiga na mtunzaji wake ameshika kamba. Maandishi yake, ya Shen Du, msomi wa kasri, yanamwita qilin, mnyama wa masimulizi ya kale. Mimi huchora wanyama, na naona wazi kwamba aliyeuchora alimjua twiga: ile shingo, yale mabaka, ile miguu! Qilin wa kwenye sanamu hafanani naye. Wasomi wale waliwezaje kuifumbia macho tofauti hiyo?

Jibu 1
Hawakufumba macho, walichagua cha kutazama. Qilin husimuliwa kuwa na mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, na pembe ambayo ncha yake imefunikwa nyama ili isimjeruhi yeyote. Hata nyasi mbichi hazikanyagi. Sasa mwangalie twiga: kwato, mkia wenye kishungi, pembe zilizovikwa ngozi, mpole, mla majani. Kwa mtu aliyemjua qilin vitabuni tu, hayo yalitosha. Tena qilin hutokea nchi inapopata mtawala mwema, na hapo ndipo penye uzito.

Jibu 2
Bila siasa mchoro huo hauelewiki. Kaisari Yongle alitwaa kiti mwaka 1402 kwa vita, akimpindua Jianwen, mtoto wa kaka yake. Mtu wa namna hiyo ana njaa ya ishara kutoka mbinguni. Twiga wa 1414 alitumwa na mtawala wa Bengal, upande wa mashariki wa Bara Hindi. Mwaka uliofuata akafika wa Malindi, na kaisari akatoka mwenyewe hadi lango la kasri kumpokea.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Inaniuma tu kwamba kiumbe mpole hivyo kazi yake ikawa kuwasifia wakubwa.

Jibu 1
Usimfungie hapo, ndugu yangu. Mapokeo yanasema mwaka 481 KK qilin alikamatwa na wawindaji, naye Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, akalia, kwa kuwa mnyama huyo alikuja wakati nchi imeharibika. Hiyo ni lawama kwa watawala, wala si sifa. Na katika picha za majumbani qilin huonekana amempakia mtoto mgongoni, dua ya familia inayotamani mtoto wa kiume. Kwa kuwa unachora, watafute pia qilin wa mawe kwenye njia ya kuelekea kaburi la Yongle, karibu na Beijing. Shingo zao ni fupi na nene. Twiga alipewa jina la qilin, lakini wachongaji hawakumpa qilin shingo ya twiga.