Naomba ushauri: mtoto kakatazwa kusema "tata"

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tukuyu, nina binti yuko darasa la kwanza. Juzi kaleta daftari, ameandika "Tata analima viazi". Neno "Tata" limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake "Baba". Sawa, somo ni Kiswahili, hapo sina neno. Kilichoniuma ni kwamba mwalimu kamwambia aliache hata nyumbani, eti tata ni matata.

Ni kweli, katika Kiswahili tata ni mambo yaliyosokotana kama uzi, ndiyo maana tuna utata, tatiza na tatizo, na ukifungua fundo unatatua. Lakini kwetu Wanyakyusa tata ni baba. Wakongo wanaoongea Kilingala wanasema hivyo hivyo, na Waxhosa pia. Mandela aliitwa Tata kwa heshima. Hata Poland na Romania, mbali kabisa na Ubantu, baba ni tata! Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kuwa sauti kama m, p na t pamoja na a ni nyepesi kwa kinywa cha mtoto mchanga, wazazi wakazipokea kama majina yao. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sasa binti ananiita baba kwa kunong'ona, na bibi yake akimsikia ananyamaza.

Wazazi na walimu, naombeni ushauri: nimwendee mwalimu nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima? Na nyumbani nimweleweshe vipi mtoto kwamba maneno yote mawili ni yake?