Ushauri: kompaila ya lugha yangu niiandike upya kwa lugha yenyewe, au niiache kwenye C?

ngalawa88
Wakuu habari za muda huu. Nina kijilugha changu cha programu, nakijenga nje ya saa za kazi. Kompaila yake, yaani programu inayotafsiri kodi ya lugha hiyo, imeandikwa kwa C, kama mistari elfu sita, na inatoa kodi ya C ambayo naipitisha kwenye gcc, kompaila ya C. Strakti zipo, arei zipo, stringi zipo. Jenerikisi (kodi moja kutumika kwa aina tofauti za data) hakuna. Sasa natamani kompaila iandikwe kwa lugha yenyewe, na humohumo nibadilishe parsa (sehemu inayosoma kodi na kuchambua muundo wake) maana iliyopo ni fujo tupu. Hofu yangu ni kujikuta sina ya zamani wala mpya. Mliopita njia hii, nipeni mwongozo.

FundiStaki
Hilo la parsa ndilo litakalokumaliza mkuu. Ama unahama, ama unajenga upya. Ukichanganya, kosa likitokea hujui umkamate nani.

Waangalie watu wa lugha ya Go. Mpaka toleo 1.4 kompaila yao ilikuwa C. Hawakukaa chini kuiandika upya: Russ Cox alitengeneza programu ya kuigeuza ile C kuwa Go, na 1.5 ikatoka Agosti 2015. Kodi iliyopatikana ilikuwa C iliyovalishwa kanzu ya Go, na kukompaili kukawa kwa pole karibu mara mbili. Wakavumilia. Sehemu mpya ya kuzalisha kodi ya amd64 (prosesa za kawaida za biti 64) ilikuja 1.7, mwaka uliofuata. Kwa hiyo hamisha faili moja moja, na fujo zake zote.

kizito_
Kwani lugha yenyewe ni ya kazi gani? Lugha ya TypeScript, kompaila yake ilikuwa TypeScript miaka yote, halafu Machi 2025 Microsoft wakatangaza wanaihamishia Go, wakitaka kasi ya mara 10. Sifa za kujikompaili haziwashi taa kwa mtumiaji.

ngalawa88
Ni ya programu za tamino (dirisha la kuandikia amri), memori unaisimamia mwenyewe. Kompaila ni kazi inayoiendea kabisa. Tatizo jedwali la majina: kwenye C nina hashi (jedwali linalopata jina moja kwa moja bila kupekua yote), kwenye lugha yangu sina.

pweza_mweupe
Tumia orodha, tafuta jina mojamoja. Kwa mistari elfu sita hutaona tofauti. Ila usianze kuongeza kila kinachotakiwa na kompaila, utabaki na lugha tamu ya kuandikia kompaila na basi.

FundiStaki
Kama ni hivyo songa mbele. Jaribio lako liwe hili: kompaila yako ya sasa, iliyoandikwa kwa C, ikompaili chanzo kipya, upate kompaila B. B ikompaili chanzo kilekile, upate D. D nayo irudie. Kodi ya C inayotolewa na B na inayotolewa na D zilinganishwe kwa diff (programu ya kulinganisha faili), zisitofautiane hata herufi. Kama unaandika tarehe juu ya faili, itoe, la sivyo hazitalingana milele. Chunga pia kupanga vitu kwa anwani za memori, hapo kila ukiendesha mpangilio unabadilika.

Halafu ile kodi ya C ya mwisho ihifadhi pamoja na chanzo. Watu wa lugha ya Nim wanafanya hivyo: mwenye gcc tu anaanzia hapo, hahitaji kompaila yako ili apate kompaila yako.

pweza_mweupe
Na soma hotuba ya Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, ya 1984. Kwenye kompaila inayojikompaili unaweza kuandika kwamba `\n` (alama ya mstari mpya) ni `\n`, na ikafanya kazi, wakati namba 10, ambayo ndiyo thamani yake halisi, haionekani popote kwenye chanzo. Imerithiwa toka kwa kompaila iliyotangulia. Thompson akaonyesha mlango wa wizi unavyoweza kurithiwa vivyo hivyo.

ngalawa88
Hiyo imenitoa jasho. La mwisho: nikiongeza sintaksia mpya (namna mpya ya kuandika kodi), kompaila yenyewe naweza kuitumia siku hiyohiyo?

FundiStaki
Hapana. Kwanza toa toleo linaloielewa bila kuitumia, lihifadhi, ndipo uitumie kwenye linalofuata. Watu wa lugha ya Rust nao kompaila yao inajengwa na beta (toleo la majaribio) iliyotangulia. Parsa yako ya ndoto iingie baada ya hapo.