Waifai kwenye jahazi la wageni, Amu mpaka Kiwayu: niweke nini?

nahodha_mkanda
Asalaam aleikum wadau. Nina jahazi la kubeba wageni hapa Amu (Lamu), la kulala humo humo, twenda Manda, Pate hadi Kiwayu. Wageni wa siku hizi hata wakija kupumzika wataka waifai, mtu yuko na kikoi kiunoni na yumo kwenye mkutano wa video. Sasa natumia hotspoti ya simu tu. Kuanzia jeti ya Shela mpaka ndani ya Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, mambo si mabaya, lakini tukishaiacha Pate yaja yakatika, na simu yenyewe yachemka mpaka yajizima. Pili nataka tableti hapo usukanini isome GPS na kina cha maji bila kuvuta waya, manake Mkanda mwaijua maji yakitoka hakupitiki. Umeme wangu ni betri mbili za 12V 100Ah, zile za kawaida za asidi, na sola kidogo. Jenereta sina na sitaki kelele zake. Niende na Starlink, ile intaneti ya setilaiti, au ruta ya laini na antena ya nje? Dukani nimeambiwa ninunue busta tu, kile kifaa cha kukuza mawimbi, yatosha.

fundi_waya_mld
W/salaam nahodha. Busta achana nayo kabisa. Pale ambapo hakuna mawimbi haina cha kukuza, inakuza kelele tu, halafu vifaa kama hivyo lazima viwe vimekubaliwa na CA, mamlaka ya mawasiliano, na nyingi za mitandaoni hazijakubaliwa.
Kitu kinachokusaidia baharini ni urefu. Mawimbi ya 4G kwa sehemu kubwa yanaenda moja kwa moja na dunia ni mviringo, so mnara wa mita 40 na antena yako iko mita 1 juu ya maji mnaonana kama kilomita 30, pandisha antena mita 9 inakuwa kama 38. Hiyo ni hesabu ya bahari wazi, ukiwa nyuma ya mikoko au vilima vya mchanga punguza.
Sasa watu wanakosea hapa, wananunua antena nzuri halafu wanashusha waya mwembamba wa mita kumi mpaka ruta iliyo chini, kwa 4G waya ule unakula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika. Chukua ruta ya nje ambayo antena imo ndani yake, ipande yenyewe juu, na waya wa netiweki ndio uteremke, umeme unapitia waya huo huo. Tafuta ya laini mbili, weka kampuni mbili tofauti, na iwe inakubali volti za kupanda na kushuka, 9 mpaka 30 hivi, betri ya chombo haikai 12 kamili hata siku moja.

nahodha_mkanda
Shukran fundi, lakini juu ya mlingoti kuna jarari, kamba ya kupandishia tanga, na tukipindua tanga foromali, ule mti ulioshika tanga, yazunguka, ruta ya watu itaenda na maji.

fundi_waya_mld
Kama una galme, mlingoti mdogo wa nyuma, weka kwenye galme. Kama huna, simamisha mti shetrini, huko nyuma ya chombo, hata mita tano juu ya maji si haba.

mzee_wa_tezi
Mimi wageni wangu nawaambia hakuna neti, angalieni nyota. Wanalipa na wanarudi. Ila kila mtu na biashara yake.

dada_shela
Mzee 😂😂 wa kwako ni wa usiku mmoja, wa nahodha wanakaa humo.
Mimi niko upande wa Starlink, ile Mini, maana fundi atapandisha ruta mpaka mbinguni na bado kuna sehemu mnara haupo. Lakini nahodha piga hesabu ya umeme kwanza. Mini inakula kama wati 25 mpaka 40. Chukua 30, mara saa 24 ni wati-saa 720. Betri zako za asidi usizishushe chini ya nusu, so unazo kama 1200 za kutumia, na hapo bado friji, taa na pampu. Kwa hiyo inawashwa asubuhi na jioni, watu wakilala inazimwa, hakuna kubembelezana.
Usiipitishie invata, unapoteza umeme bure. Inakubali 12 mpaka 48V moja kwa moja ila kwa 12 na waya mrefu mwembamba volti zinashuka njiani na kadishi kanajizima kanawaka, kanajizima kanawaka, watu wanadhani kameharibika. Weka kibadilishi cha kupandisha volti karibu na betri, ipande 24 au zaidi, fyuzi kabla yake, na waya mnene. Kaweke nyuma juu ya paa la shetri, tanga lisikazibe. Na bando lisiwe la nyumbani, lile limefungwa na anwani, chukua la kusafiri na usome masharti yake ya baharini.

neti_na_chumvi
Nyote mko sawa, aweke zote mbili, ruta ya laini ndio bosi na dishi linaingia laini zikizima, ruta nyingi zinabadilisha zenyewe. Njia mbili, laini na dishi, zina faida nyingine: Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, mwenye laini mbili za kampuni mbili bado angeweza kulala bila neti, kampuni tofauti lakini nyaya ni zile zile.
Ila nahodha la tableti hakuna aliyekujibu. GPS haihitaji intaneti hata kidogo. Pakua ramani kabla hujaondoka, OpenCPN, programu ya ramani za bahari, iko hata kwa Android, na tableti iwe kwenye waifai ya chombo isiyoguswa na wageni. Wageni wapewe jina lao na nywila yao, wasione vyombo vyako, na uwakatie spidi, simu moja ikianza kupandisha picha zake zote bando linaisha kabla hamjafika Kizingitini. Kipima kina chako ni NMEA gani, ile lugha ya vyombo vya baharini kupashana data?

nahodha_mkanda
Chaandikwa 2000.

neti_na_chumvi
Basi unanunua kisanduku kimoja cha kuigeuza iende waifai. Ila kwanza zima umeme wa huo mstari wa NMEA, shika multimita upime kati ya nyaya mbili za data. Ukisoma ohmu 60 hivi uko sawa. Ukisoma 120 kizuizi kimoja kati ya viwili vya ncha za mstari kimekosekana, na kina kinaweza kuwa kinaruka ruka. Redio ya VHF usiiunganishe na mambo haya, iwe na umeme wake na iko chaneli 16, ile ya dharura, saa zote.

fundi_waya_mld
Na chumvi! Kila plagi ya nje zungushia tepu ya mpira ile inayojigandisha yenyewe, na waya uushushe kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo. Kusi halisamehi plagi iliyo wazi.

nahodha_mkanda
Nimewapata. Naanza na ruta kwenye galme, galme ninayo, na kisanduku cha kina, Mini nangoja msimu wa kaskazi pesa zikiingia. Hiyo tepu Amu sijaiona, Malindi ipo?

fundi_waya_mld
Ipo, ulizia kwa mafundi wa dishi za TV. Chukua mbili.